Waacheni Mashujaa Waingie Siasani

Kila uchaguzi unapokaribia nchini Kenya, kuna kauli ambayo haikosi kusikika: mashujaa wetu wasiingizwe katika siasa. Maaskofu huisema, wahariri huiandika, majenerali waliostaafu huitikia kwa kichwa. Wanasiasa nao huisema kwa uchungu mwingi, hasa wale ambao wiki hiyo hawana mzee wa Mau Mau wa kumketisha kwenye safu ya mbele ya mkutano wao. Ni kauli yenye sura ya adabu, na mtu anayeipinga huonekana kana kwamba anataka kumvika askari aliyekufa fulana ya chama.

Naipinga hata hivyo. Kwanza niieleze kwa haki, maana wanaoishikilia si wajinga. Wanasema askari alipigania nchi, hakupigania chama. Kampeni ni kazi ya upande mmoja dhidi ya mwingine. Anayemsifu mpiganaji na papo hapo akaomba kura amemgeuza mpiganaji huyo kuwa chambo. Kwa hiyo heshima ya kweli ingojee siku ya taifa, itolewe chini ya bendera, wimbo upigwe, shada la maua liwekwe, watu warudi nyumbani. Na raia anayemuunga mkono mgombea fulani, akitaka kuwaenzi wapiganaji, aache kwanza kofia ya chama mlangoni.

Hoja hiyo inasikika vizuri mradi usiulize wapiganaji wenyewe walipata nini katika miaka ambayo nchi iliifuata.

Tuanze mbali kidogo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza serikali ya kikoloni ilikuwa na askari wa aina mbili wa kuwashukuru. Askari wazungu walishukuriwa kwa ardhi: mpango wa 1919 wa kuwapa makazi wanajeshi waliotoka vitani uliwagawia mashamba katika nyanda za juu, na sehemu ya ardhi ya Wanandi ikamegwa kwa ajili hiyo. Waafrika, yaani askari wa King's African Rifles na wale wapagazi wa Carrier Corps waliokufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa, kuhara na malaria huku wamebeba mizigo ya jeshi, walishukuriwa kwa sanamu. Ilisimamishwa Nairobi mwaka 1928, watu watatu wa shaba, na bado ipo katika barabara ambayo leo inaitwa Kenyatta Avenue. Wapagazi waliacha pia jina lao mtaani, Kariokor kwa Nairobi na Kariakoo kwa Dar es Salaam. Walowezi walikuwa na chama chao, wajumbe wao na sauti yao kwa gavana, na waliitumia bila haya kudai malipo ya vita. Mpagazi hakuwa na kura wala mjumbe. Heshima yake ilikuwa safi kabisa, haikuguswa na siasa hata kidogo, na ndiyo sababu ilikuwa ya shaba.

Waliorudi kutoka Burma na Mashariki ya Kati baada ya 1945 walilielewa jambo hili haraka kuliko wahariri wetu wa leo. Waruhiu Itote, aliyekuja kujulikana kama Jenerali China, alikuwa amepigana Burma. Bildad Kaggia alikuwa amelitumikia jeshi la Uingereza huko Mashariki ya Kati na hata Uingereza kwenyewe. Walipofika nyumbani waliwaona walowezi wakitengewa mashamba kwa mara nyingine, nao wakibaki na kipande shingoni. Hawakuketi kungoja siku ya kumbukumbu. Waliingia katika siasa, na pale siasa ilipofungiwa mlango, wengine wakaingia msituni.

Wakaja wapiganaji wa Mau Mau wenyewe. Desemba 1963, siku chache baada ya uhuru, walitoka msituni na kukusanyika katika uwanja wa Ruring'u, Nyeri, kusalimisha silaha kwa serikali mpya. Ndio wakati ambapo ile kauli ya adabu ingepaswa kufanya kazi yake kama kweli inafanya kazi. Nchi ilikuwa imeungana, uhasama wa vyama ulikuwa unazimika, na heshima ingeweza kutolewa na taifa zima bila upande wowote kujipatia chochote. Kilichofuata kinajulikana. Mwaka mmoja kabla ya uhuru Jomo Kenyatta alikuwa amelifananisha vuguvugu hilo na ugonjwa uliokwisha kutokomezwa, usiofaa kukumbukwa tena. Marufuku iliyowekwa na mkoloni mwaka 1950 haikuondolewa, iliachwa vitabuni. Waliokataa kutoka msituni kabla ya kupewa ardhi walisakwa na jeshi la nchi huru, na Baimungi, mmoja wa viongozi wao Meru, aliuawa Januari 1965. Wengine waliambiwa wanunue mashamba kwa mkopo kama kila mtu, wakati vipande vyao vya nyumbani vilikuwa vimeunganishwa na kuandikishwa kwa majina ya wengine walipokuwa kizuizini. Kila tarehe 20 Oktoba nchi iliadhimisha sikukuu iliyoitwa Kenyatta Day.

Kauli rasmi ya enzi hiyo ilikuwa kwamba sote tulipigania uhuru. Isikilizeni vizuri, kwa maana ndiyo mama wa hiyo mnayoisema leo. Ikiwa sote tulipigania uhuru, hakuna anayedai na hakuna anayedaiwa. Mpiganaji aliyepoteza shamba na mlinzi wa kijiji aliyelichukua, wale ambao watu wa Mlima Kenya huwaita ngati, wakawa mashujaa sawa mbele ya bendera moja. Mpiganaji alitolewa nje ya siasa kwa jina la umoja, na mali ikabaki ndani.

Mtu mmoja alikataa. Kaggia, mmoja wa wale sita waliofungwa pamoja katika kesi ya Kapenguria, Kenyatta akiwemo, alikuwa mbunge wa Kandara na waziri msaidizi. Alisema hadharani kwamba wasio na ardhi, wakiwemo waliokuwa vizuizini, wapewe ardhi na wasiuziwe. Alifukuzwa wizarani mwaka 1964. Mwaka uliofuata, katika mkutano wa hadhara kulekule Kandara, Kenyatta alimuuliza mbele ya watu wake amejifanyia nini, akimlinganisha na wenzake wa gerezani waliokwisha kujijenga. Swali hilo limesimuliwa mara nyingi kama mzaha wa mzee. Kwangu mimi ndilo jibu kamili la dola kwa mpiganaji anayetaka kuifanya heshima yake kuwa jambo la siasa: kula wewe, unyamaze kuhusu wengine. Kaggia alijiunga na KPU ya Jaramogi Oginga Odinga mwaka 1966 na akapoteza kiti chake katika uchaguzi mdogo wa mwaka huo. Chama kikapigwa marufuku mwaka 1969. Hakuna mtu katika historia ya Kenya aliyewaenzi wapiganaji kuliko yeye, na aliwaenzi akiwa kwenye jukwaa la kampeni, akiomba kura, akimshambulia mpinzani wake. Kwa kipimo cha wenye kauli ya adabu, Kaggia alikuwa amewachafua mashujaa.

Karibu miaka 40 ikapita hivyo. Mabadiliko hayakuletwa na gwaride. Yaliletwa na sanduku la kura la tarehe 27 Desemba 2002, Kanu iliposhindwa. Serikali ya Mwai Kibaki iliondoa marufuku ya Mau Mau Agosti 2003, na mwaka huohuo wakongwe wakasajili chama chao kihalali. Msione usajili kuwa jambo dogo la karatasi. Chama haramu hakifungui ofisi, hakikusanyi majina wala hakichukui ushahidi wa wanachama wake kwa uwazi. Kazi hiyo ya kukusanya ushahidi, iliyofanywa pamoja na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, ndiyo iliyozaa kesi iliyofunguliwa London mwaka 2009. Kesi ndiyo iliyoilazimisha Uingereza kukiri mwaka 2011 kwamba ilikuwa na majalada ya makoloni iliyoyaficha Hanslope Park. Na tarehe 6 Juni 2013 William Hague, waziri wa mambo ya nje, alisimama bungeni akaeleza majuto ya serikali yake na kutangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa ajili ya walalamishi 5,228. Gharama za kesi zikiondolewa, kila mmoja alipata takribani pauni 2,600. Ni kidogo kwa mtu aliyehasiwa au kubakwa kambini. Lakini hata hicho kidogo, ukikifuata nyuma hatua kwa hatua, kinakupeleka kwenye uchaguzi, na kabla ya uchaguzi kwenye kampeni.

Labda mtaniambia Kibaki alikuwa na hesabu zake. Alikuwa nazo, tena hazikufichika. Sanamu ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, bunduki mkono mmoja na kisu mkono wa pili, aliizindua jijini Nairobi tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu Kimathi anyongwe Kamiti. Ulikuwa pia mwaka wa uchaguzi, na kura za Nyeri na Murang'a hazikumdhuru. Kwa nini nimkasirikie? Waliomtangulia walikuwa na mamlaka, muda na viwanja vya kutosha, na hawakusimamisha chochote. Kama ni hofu ya kura iliyomsimamisha Kimathi barabarani, basi hofu ya kura ilimtendea Kimathi wema kuliko mapenzi ya umoja wa kitaifa. Lawama yangu kwa Kibaki ni nyingine kabisa. Mifupa ya Kimathi ilibaki Kamiti, kaburi lisilo na alama, na hakuna aliyembana vya kutosha kuhusu hilo wakati alipohitaji kura. Mjane wake, Mukami, alifariki Mei 2023 akiwa bado anaomba mwili wa mumewe. Rais na kiongozi wa upinzani walihudhuria mazishi yake huko Njabini. Wote wawili walikuwa wamewahi kukaa ndani ya serikali.

Sasa tuwatazame askari wa leo, maana huenda mtasema Mau Mau ni kesi ya pekee. Alfajiri ya tarehe 15 Januari 2016 al-Shabaab waliivamia na kuiteka kambi ya jeshi la Kenya huko El Adde, Somalia. Tarehe 27 mwezi huo ibada ya kumbukumbu ilifanyika katika kambi ya Moi, Eldoret, mbele ya Rais Uhuru Kenyatta na marais wa Nigeria na Somalia. Heshima za kijeshi zilitolewa zote. Idadi ya waliokufa haikutolewa. Rais Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia alisema baadaye katika mahojiano kuwa walikuwa kati ya 180 na 200. Jeshi la Kenya likakanusha, lakini lenyewe halikutaja idadi yake. CNN ilichunguza ikafikia angalau 141. Wananchi walionywa wasisambaze picha, na mwanahabari mmoja alikamatwa mwezi huohuo kwa aliyoyaandika mtandaoni. Kila aliyeuliza aliambiwa anafanya siasa na damu ya vijana wetu.

Ndiyo, ni siasa. Jeshi lilipelekwa Somalia Oktoba 2011 kwa uamuzi wa wanasiasa. Kambi iliwekwa pale ilipowekwa, ikapewa ulinzi iliopewa, kwa bajeti iliyopitishwa na bunge. Mjane wa El Adde anayetaka kujua kwa nini msaada ulichelewa anauliza swali la kisiasa kuliko yote, na mahali ambapo mwenye mamlaka hulazimika kujibu ni pale anapoomba kurudishwa madarakani. Uchaguzi wa tarehe 8 Agosti 2017 ulipita bila idadi hiyo kutolewa. Tulijadili reli, tulijadili mitambo ya tume ya uchaguzi, tulitukanana vya kutosha. Wafu wa El Adde waliachwa nje ya kampeni kwa heshima zote, na heshima hiyo ikamfaa mtu mmoja tu: yule aliyepaswa kuulizwa.

Kuna tukio la 2022 linalotajwa kama ushahidi dhidi yangu. Mwezi Aprili, miezi minne kabla ya uchaguzi, Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyepigana msituni na kupewa cheo cha Field Marshal, alinyolewa nywele alizokuwa amezisokota tangu siku za vita. Aliyeshika mkasi alikuwa Mama Ngina Kenyatta, mjane wa rais wa kwanza na mama wa rais aliyekuwa madarakani, naye Uhuru wakati huo alikuwa akimpigia debe Raila Odinga. Wengi waliudhika. Walisema msimu haukuwa sawa, kwamba nywele takatifu zimeingizwa katika hesabu za miungano iliyoshindana, Azimio na Kenya Kwanza.

Mimi nasema msimu ulikuwa sawa kabisa na swali ndilo lililokosekana. Muthoni alikuwa amesema kwa miaka mingi kwamba hatanyoa mpaka aone matunda ya uhuru. Basi nchi nzima ingemuuliza Mama Ngina, na kupitia kwake familia, chama na mgombea wao: ameyaona wapi? Kwenye shamba lipi? Upande wa pili nao, uliokuwa na mgombea mwenza ambaye hakuchoka kutukumbusha kuwa wazazi wake walikuwa Mau Mau, ungeulizwa hayohayo. Badala yake tulibishana kama ni adabu kunyoa mwezi Aprili. Muthoni alifariki Septemba 2023.

Kuna mambo ninayowapa wapinzani wangu bila kinyongo. Askari aliye kazini asikaribie jukwaa la chama. Ibara ya 239 ya Katiba ya Kenya inavikataza vyombo vya usalama kuegemea upande au kuendeleza maslahi ya chama, na katazo hilo halina utani, kwa sababu mwenye bunduki akichagua upande hakuna tena kampeni. Tanzania ilijifunza hilo kwa njia ndefu zaidi. Baada ya maasi ya Januari 1964 jeshi liliundwa upya, na askari wakaruhusiwa, hata kuhimizwa, kuwa wanachama wa TANU. Vyama vingi vilipokuja mwaka 1992 ilibidi uzi huo ukatwe, na mwanajeshi akalazimika kuchagua. Jakaya Kikwete alichagua siasa, akavua gwanda akiwa luteni kanali. Utaratibu huo naupenda kwa uwazi wake. Ukiwa ndani ya gwanda, kaa kimya. Ukishalivua, wewe ni raia, na raia hana sababu ya kuomba radhi kwa kuwa na chama. Wenye kauli ya adabu huruka hatua hiyo ya pili. Humchukua mzee wa miaka 85 aliyeacha bunduki zamani na kumwambia kwamba kwa sababu alipigana, sasa hafai kupiga kelele.

Lipo na jambo la pili, baya zaidi, na hapa hasira zao ni zangu. Wako wanaowatumia waliokufa kama hatimiliki ya Ikulu. Babu zetu walimwaga damu, husema, kwa hiyo kiti ni chetu na wengine wangoje. Tumeyasikia hayo Mlima Kenya kwa lugha ya wazi na ya mafumbo, na kundi kama Mungiki lilijipamba kwa jina la Mau Mau huku likiwatoza watu wa kawaida kodi ya vitisho. Maneno hayo yanawageuza Koitalel arap Samoei wa Wanandi na Mekatilili wa Menza wa Wagiriama kuwa wageni katika uhuru wao wenyewe. Lakini tazameni dawa inayopendekezwa. Ati tuwanyamazishe wote, wanaodai kiti kwa damu ya babu na wanaodai shamba la babu lililoporwa, kana kwamba ni dai moja. La kwanza linataka madaraka kwa niaba ya waliokufa. La pili linataka haki kwa walio hai na warithi wao. Mtu asiyeona tofauti hiyo asijiteue kuwa mlinzi wa mashujaa.

Na wale ambao kazi yao kwenye mkutano ni kuketi tu? Nimewaona, nanyi mmewaona: wazee wenye kofia za manyoya na fimbo, wamepangwa mbele, wanatajwa kwa sekunde kumi, wanapigwa picha, wanapewa soda na nauli. Hao wametumiwa, sikatai. Ila wametumiwa kwa sababu siasa waliyopewa ilikuwa kidogo mno. Mpeni mzee huyo kipaza sauti mbele ya mgombea, aseme shamba lake namba gani liko kwa nani, aulize Sheria ya Mashujaa iliyopitishwa mwaka 2014 imemfikishia nini kijijini kwake, aombe tarehe. Mtaona jinsi waandaaji watakavyokumbuka ghafla kuwa mashujaa hawafai kuingizwa siasani.

Mwaka 2018 mahakama ya London ilitupilia mbali kesi ya kundi la pili, Wakenya zaidi ya 40,000, kwa sababu kubwa kwamba muda ulikuwa umepita mno. Huko mlango umefungwa. Uliobaki uko nyumbani, na una ratiba: uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Anayemuunga mkono mgombea wake avae kofia yake ya chama bila aibu, aende na mzee wake mkutanoni, na mgombea akimaliza kuwasifu wapiganaji aulizwe mbele ya watu ni lini kaburi la Kamiti litafukuliwa na ni lini majina ya El Adde yatasomwa. Jibu likiwa ni shada jingine la maua, mpinzani wake atakuwa anahutubia mtaa wa pili.